Wingu Lililovuliwa

Kila picha ya setilaiti, miaka yote, iwe kiangazi iwe mvua, ilikuwa na wingu dogo palepale kwenye kona ya mto. Mawingu mengine hutembea. Hili lilikaa kama kiraka.

"Dada, hilo tuliache," mdogo wake alimwambia dada yake, mchora ramani wa ofisi. Wote wawili walikuwa na digrii, ila mshahara ulikuwa wa dada peke yake. Mdogo wake alikuwa "anajitolea", neno la heshima la kutumikishwa bure.

Bosi, ambaye digrii yake ilikuwa mjomba wake, akainamia skrini. "Wafadhili wanataka kuona msitu ulivyokwisha, siyo mawingu. Nataka clean map, ramani isiyo na wingu, na nataka sasa."

"Bosi, wingu halikai hivyo."

"Umeajiriwa kutabiri mvua? Ondoa."

Dada akaongeza mstari mmoja wa amri kwenye programu. Seva za kukodi, huko ziliko, zikazichambua picha na kulifuta wingu. Bosi akaituma ramani kwa wafadhili bila kuitazama. Pale lilipokuwa wingu hapakuwa na mti wala maji. Palikuwa na mgongo ulio uchi.

Kiyoyozi kikazima. Ikaja harufu ya udongo ulioungua, kisha sauti ya upole, kama ya mtu aliyefumaniwa akioga.

"Nani kanivua?"

Bosi, kama kawaida yake, akamnyooshea kidole mfanyakazi. Kidole hichohicho ndicho kilichoanza: ngozi ikabanduka kutoka ukuchani, ikapanda mkono kama soksi inayovuliwa, ikapita bega na shingo huku akipiga kelele mpaka midomo yenyewe ikaondoka, na kitu kisichoonekana kikaivaa, kikapenyeza mikono, kikajinyoosha, ngozi ikapasuka mgongoni.

"Inabana," kikasema, kikamgeukia mdogo wa dada.

"Lirudishe, dada," akanong'ona, ngozi ya bega ikiwa tayari imeinuka, na dada akaufuta ule mstari kwa vidole vinavyoteleza kwa damu isiyo yake, akabonyeza, akasubiri seva za watu huku mdogo wake akimenywa mbele ya macho yake.

Wingu likarudi. Ngozi ya bosi ikaanguka sakafuni, tupu. Mdogo wa dada akaanguka kando yake, anavuja damu, anapumua.

"Tumepona?"

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya bosi. Mfadhili: "Ramani safi sana. Tumeisambaza ofisi zetu zote." Kisha mwingine: "Samahani, hii harufu ya udongo ni nini?"

Kwenye skrini, wingu likaanza kuliwa pembeni.

"Dada, waambie waifute."

Akapiga. Upande wa pili mtu alikuwa akipiga kelele, kisha ikawa kelele isiyo na midomo.

"Inabana," ikasema sauti ya upole.