Tovuti Ilinibariki, Ploti Ikaenda

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, mshonaji wa sare za shule hapa Kitengela. Nina mabinti wawili, Faith na mdogo wake. Naandika haya uchungu ukiwa bado kifuani, kwa hivyo mnisamehe nikifoka.

Mume wangu alipofariki, wakwe zangu walinifungia mlango wa boma kule Vihiga. Sikugombana nao. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu cha kunishikilia... ploti ndogo karibu na Bisil, ambayo mimi na marehemu tulinunua kupitia chama cha ardhi cha kanisa letu. Tulikuwa tumemaliza kuilipia. Nilikuwa hata nimepanda miche ya kayaba kuzunguka mpaka ili iwe ua. Kila nilipochoka na cherehani, nilijiambia kwamba siku moja nitakata kitambaa nikiwa kwangu.

Basi chama kikatangaza kwamba kabla ya hati kutolewa, kila mwanachama athibitishe ploti yake kwenye tovuti mpya. Unajaza jina, unaweka picha ya kitambulisho, unabonyeza Tuma. Asiyethibitisha, ploti yake ingepewa wanaongoja kwenye foleni.

Tovuti hiyo ilikuwa mikononi mwa Everline, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja. Gauni lake la harusi nililishona mimi. Ningeshuku nini?

Mimi sipendi kufanya kitu nusunusu. Nilienda studio, nikamwambia mpiga picha akipige kitambulisho changu picha kubwa, safi, kila herufi isomeke. Nikajaza, nikabonyeza. Skrini ikaniandikia: "Umebarikiwa. Tumepokea." Nililia kwa furaha! Nikapiga magoti palepale kando ya cherehani.

Miezi ikapita. Siku moja nikaenda Bisil kumwagilia miche yangu, nikakuta imeng'olewa yote. Mahali pake palikuwa na nguzo mpya na nyaya. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa," kisha akaniambia kwamba mwenye shamba alikuja na fundi juzi. Mwenye shamba? Mimi nilikuwa nani basi?

Nilikimbilia ofisi ya ardhi Kajiado. Karani akanieleza kwa upole kwamba hati imeshatoka kwa jina la mtu mwingine, na kama nina malalamiko niende kortini. Niende kortini na nini? Na sindano? Nikampigia katibu wa chama, naye akasema jina langu halikuwahi kufika kwao.

Niliketi kwenye benchi hapo nje, nikafungua ile tovuti tena kwa simu. Kidole kikateleza kwenye Tuma kabla sijaandika hata herufi moja... "Umebarikiwa. Tumepokea." Walipokea nini? Sikuwa nimetuma chochote!

Nikamwendea Everline. Alianza kulia kabla sijamaliza kuuliza. Alinieleza kwamba siku ile tovuti ilipoombewa kanisani kabla ya kufunguliwa, Pasta wetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama, aliona maandishi mekundu yakisema kuna kosa, fomu haijahifadhiwa. Akakemea. Akasema kinywa huumba, na kitu kilichowekwa wakfu hakiwezi kutamka kushindwa. Akamwamuru Everline aingie kule ndani tovuti inakoendeshewa, afute kila ujumbe wa kosa na aandike baraka mahali pake. Everline akatii.

Kumbe picha yangu ilikuwa kubwa kuliko kipimo, na tovuti iliikataa. Ilitaka kuniambia... lakini ilikuwa imezibwa mdomo.

Na Everline alijua. Picha yake yeye aliipunguza kwanza, ikaingia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, lakini sikumwona.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Mama Faith, ningekuambia wewe, wamama wote wangejua. Pasta angenifuta kazi, na mimi pia niko na watoto."

Sikumtukana. Nguvu za kutukana zilikuwa zimeniisha.

Jumapili baada ya ibada nikamwendea Pasta mlangoni, nikamwambia nimepoteza ploti yangu. Akainua mkono kunizuia.

"Usitamke hivyo, mama. Sema Mungu amefungua mlango mwingine."

Waliosimama karibu wakaitikia amina. Jamani, hata ruhusa ya kusema nimeumia sina? Nasikia walionyang'anywa hivi si mimi peke yangu, lakini nani atakubali kusema?

Wasomaji wenzangu, tovuti ikikushukuru, usilale. Nenda ofisini ukaonyeshwe jina lako kwa macho yako. Na ninyi mnaoendesha tovuti, nawasihi, acheni maandishi mekundu yaonekane! Kosa likisemwa mapema, mtu hulirekebisha mara moja. Mimi ningepunguza picha tu... picha tu!

Bado napanga nyumba Kitengela, ukuta mmoja na Everline. Tunasalimiana asubuhi tukianika nguo. Kanisani nimekatazwa kulisema hili, kwa hivyo nalisema hapa mbele yenu. Nimepoteza ploti yangu. Tafadhali, asiniitikie mtu amina.