Anayeita Kushoto

Jua lilikuwa linazama kijijini Wamaza. Chadia alitoka kisimani na bidoni la maji mkononi, kwa kuwa kichwa chake hakikubeba tena kitu tangu pikipiki ilipomwangusha njia ya Kasongo.

Wiki tatu sasa. Sikio la kushoto lilikufa palepale barabarani, na ndani yake nyenze akaingia asitoke. Ngiiii... akila, akisali, akilala.

"Chadia."

Akageuka kulia. Mihogo tu.

Shangazi yake, Aziza, alikuwa amesimama kushoto, mlangoni, hatua tano. Alimwona mtoto wa kaka yake akiitikia mihogo. Mara ya tatu juma hilo.

Chadia alieleza, kwa sauti kubwa ambayo mwenyewe hakuisikia vizuri, kwamba muuguzi wa Kasongo alishasema: mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi, kila amwitaye, kwake yuko upande mzima. Daktari wa masikio angekuwa Kasongo mpaka Jumamosi tu. Keshokutwa jirani yao Pitchou angempeleka kwa pikipiki yake. Hakutaka kingine duniani.

Shangazi hakubishana. Alimwita fundi Musafiri, mganga wa kupunga majini, akamweleza na habari ya nyenze.

Kipimo cha Musafiri kilikuwa kimoja: unafungwa kitambaa machoni, jina lako linaitwa. Mwenye masikio yake humgeukia mwitaji. Mwenye jini humgeukia jini.

Uani, mbele ya majirani, Musafiri akaita kutoka kushoto. Chadia akageuka kulia.

"Sikio imekufa, fundi. Si jini."

Musafiri akasogea, ubani ukimtangulia, akamwinamia sikio zima.

"Imekufa? Sasa nani anaimba ndani ya kitu imekufa, mama?"

Majirani wakacheka.

Wakamfungia katika ghala la mahindi. Kipimo kingerudiwa kesho magharibi. Akishindwa, siku arobaini ndani. Hakuna Pitchou, hakuna daktari.

Alikaa juu ya magunia akipanga. Sikio lingemsaliti tena, hilo alilijua. Lakini pua? Ubani wa Musafiri ulinuka hatua kumi. Basi angeifuata harufu.

Magharibi ikafika.

Kitambaa. Mlango. Hewa ya baridi usoni.

Akanusa... Ubani ulikuwa kulia. Vizuri. Akasubiri aitwe.

"Chadia."

Kushoto!

Sauti safi, laini, kama mtu anayenong'ona juu ya bega lako. Na nyenze... kimya. Sikio limefufuka! Akasahau ubani, akasahau hesabu zake zote. Akageuka kushoto akicheka, machozi yakilowesha kitambaa.

Hakuna aliyemshangilia.

"Sijaita bado," akasema Musafiri.

Kutoka kulia.

Chadia akavua kitambaa. Kushoto hapakuwa na mtu. Lakini shangazi Aziza, mkono juu ya komeo, naye alikuwa amegeuka akitazama huko huko.

"Shangazi," Chadia akanong'ona, "na weye umesikia."

Shangazi alimsukuma ndani, akavuta komeo.

Gizani, Chadia akapigapiga ubao wa mlango mpaka ngumi zikafa ganzi. Kisha akaacha, kwa maana kushoto kwake sauti ile ilikuwa inaita tena, polepole, kwa upendo.

Safari hii ilikuwa inamwita Aziza.