Pini ya Sita

Asubuhi ile sikuwaza kitu isipokuwa chai. Upepo wa nyika ulikuwa umetulia, garimoshi la kupeleka chombo cha angani kwenye uwanja wa kurushia lilikuwa limeshafika mlangoni mwa karakana, na mimi, Temirbek, fundi wa parachuti, nilikuwa juu ya ngazi nikichomoa pini. Zilikuwa sita, kila moja na utepe wake mwekundu. Kazi yake ni kubana kifuniko cha parachuti kisitikisike njiani. Zikitoka zote, kifuniko kinafunguka. Ikibaki hata moja, hakifunguki.

Nilikuwa nimeshatoa tano wakati mkubwa wetu, Gennadi Pavlovich, alipopiga makofi.

"Haya, kaeni! Tunaondoka."

Kwetu safari haianzi mpaka watu wakae kimya kwanza, dakika moja hivi. Tukakaa, wengine juu ya masanduku, wengine sakafuni. Rubani mwenyewe, Bolatbek, akaja kujibana kando yangu. Tulikua mtaa mmoja, na mama yake alinilisha mimi zaidi kuliko mama yangu mzazi.

"Temir," akaninong'oneza, "unanuka gundi. Nikirudi nakupeleka ukaoge."

Tuliposimama nikasema, "Gennadi Pavlovich, imebaki moja."

"Moja nini?"

"Pini."

"Mtu akishasimama harudi nyuma. Unataka kumtia mwenzako nuksi? Tano zimetoka, hiyo moja itakatika yenyewe."

Mafundi wote walitikisa vichwa kukubaliana naye. Nami nikashika adabu zangu, nikaondoa ngazi. Hapo ndipo nilipomuua rafiki yangu.

Siku ya nne alianguka kutoka angani.

Gari letu lilifika la kwanza. Chombo kilikuwa kimechimba shimo refu kuliko mtu, na chuma bado kilikuwa kinafuka moshi. Tulimtoa Bolatbek kwa koleo, maana hakukuwa na cha kushika kwa mikono. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani ya kiti, kiti kimeingia ndani ya sakafu. Taya la chini tulilipata peke yake, lenye meno yote, na jino la mbele lililomeguka siku nilipompiga jiwe tukiwa na miaka minane. Alijaa ndoo mbili.

Utepe mwekundu ulikuwa umelala juu ya majivu. Haukuungua hata uzi. Gennadi Pavlovich akauokota pamoja na pini yake, akautia mfukoni, kisha akanivuta pembeni.

"Mkono uliokuwa kwenye pini ni wako," alisema polepole. "Ukifumbua mdomo, utapigwa risasi wewe, si mimi."

Nikafumba mdomo. Tume ya uchunguzi ikaundwa, mwenyekiti akawa yeye huyo huyo. Mabaki yakafungiwa stoo ya karakana, na baada ya siku tisa ripoti ikawa tayari: rubani alichelewa kuvuta wenzo wa parachuti. Ingesainiwa Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo jina la Bolatbek lingefutwa kwenye shule ya mtaani kwetu, iliyopewa jina lake aliporuka, na mama yake angebaki mama wa mzembe.

Alhamisi mama huyo, Mama Kulyash, alinijia getini na kitu kilichofungwa kitambaani. Ulikuwa mkate. Msafiri wetu huuma mkate kabla ya kutoka nyumbani, na unaobaki hutundikwa ukutani hadi arudi kuumaliza.

"Temirjan, hebu tazama," alinong'ona. "Aliuma mara moja. Niliushika mwenyewe kwa mikono yangu."

Uliumwa mara mbili. Alama ya kwanza ilikuwa imekauka. Ya pili ilikuwa na pengo la jino lililomeguka, na ilikuwa bado na mate.

"Wanasema mwanangu alikosea. Ni kweli alikosea?"

"Sijui, mama," nikasema.

Akafunga mkate wake, akaondoka. Nilijichukia siku ile na najichukia hadi leo.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Wajumbe wa tume walikuwa mezani karakanani, kalamu mkononi. Gennadi Pavlovich akasema anaingia stoo mara moja kuangalia kitu. Nilijua anakwenda kuitupa pini kwenye vyuma vilivyoungua. Akajifungia kwa ndani.

Tukamsikia anafoka. "We! Nani kakuruhusu kukaa hapo? Inuka!"

Kimya.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilipita dakika moja kamili.

Kisha akapiga yowe. Yowe lilikuwa linatoka juu. Juu sana, kupita paa. Likashuka. Sakafu ikatikisika na chai ikamwagika mezani. Likapanda tena. Tulivunja mlango kwa shoka, na kila shoka likipigwa, yeye alikuwa anaanguka. Nilihesabu. Mara sita.

Paa lilikuwa zima. Saruji ilikuwa imepasuka na kubonyea, na Gennadi Pavlovich alikuwa ndani ya ule mbonyeo. Mifupa ya mapaja ilikuwa imetokea mabegani. Hapakuwa na cha kushika kwa mikono. Mtu mmoja akaenda kuleta koleo.

Pembeni kulikuwa na kiti cha rubani. Kilikuwa kimechakaa chote, kimeungua, lakini katikati vumbi lilikuwa limefutika, mahali mtu alipokaa.

Nikasema yote palepale, mbele ya tume. Wakaniuliza, pini iko wapi? Tukapekua mifuko ya marehemu, tukapekua stoo nzima. Haikuwepo.

Nikaenda kwa Mama Kulyash nikapiga magoti. Nilipomaliza kusema hakulia, wala hakunipiga. Aliushusha mkate ukutani. Ulikuwa umeumwa mara ya tatu, na utepe mwekundu ulikuwa unaning'inia kwenye alama ya meno. Akaivuta pini.

"Wapelekee," alisema.

Nilifungwa miaka minane. Jina la Bolatbek limo shuleni hadi leo. Nilipotoka jela Mama Kulyash alikuwa mgonjwa kitandani, akanikabidhi mkate.

"Kaa nao wewe," alinong'ona. "Akirudi kuumaliza, akukute."

Umetundikwa ukutani kwangu, juu ya meza ya chakula. Nimezeeka nao. Kila mwaka, siku aliyoanguka, unapungua alama moja, na kila mara naikuta ina mate. Leo siku ile imefika tena, na asubuhi nimeutazama. Umebaki tonge moja.

Nimeandaa vikombe viwili vya chai, na nimekaa.