Ndama wa Maige na Sanduku la Riwaya

Ndugu zangu, nawaomba mtulie mnisikilize, kwa kuwa jambo nitakalolieleza halikutokea mbali. Lilitokea Didia, katika wilaya yetu hii, mwaka ule vita vya Kagera vilipomalizika.

Asubuhi katika kaya ya Maige ilikuwa na utaratibu uliopendeza. Ng'ombe wakubwa walikwenda lamboni kunywa maji, ndama wakabaki nyumbani chini ya uangalizi wa Mbuke, mjane wa marehemu baba yake Maige. Maige alimwita mama mdogo. Klara, mke wa Maige, alimwita mayu, kama waitwavyo akina mama kwa Kisukuma, na wawili hao walitaniana kutwa. Mbuke alipenda kumwambia mkamwana wake kwamba anasonga ugali kama anayekanda udongo wa kujengea.

Ndipo ndama wakaanza kufa. Wa kwanza alitokwa na mate mengi, akatetemeka, akaanguka. Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Masele, binamu yake Maige, akawa wa kwanza kutamka waziwazi kile ambacho wengine walikinong'ona: anayeshinda na ndama ni nani? Na macho yake, hamyaoni yalivyo mekundu?

Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na hapa sina budi kusema wazi. Macho ya Mbuke yalikuwa mekundu kwa sababu moja tu. Kwetu kuni zimekwisha, na mwanamke aliyepikia samadi kavu tangu usichana wake hawezi kuwa na macho meupe. Kila mtu alilijua hilo, maana kila mtu alikula chakula kilichopikwa kwenye moshi huo.

Maige alichukua kifaranga akaenda kwa mfumu, ndivyo waitwavyo wapiga ramli wetu. Mfumu alikipasua kifaranga, akayatazama matumbo yake, akasema adui ni mwanamke mzee aliyemo ndani ya kaya. Maige alirudi akawaeleza ndugu zake. Siku hiyo hakugusa chakula chochote kilichopitia mikononi mwa Mbuke. Wanaukoo wakakubaliana kukutana Jumamosi. Sihitaji kuwaeleza mikutano ya namna hiyo huishia wapi. Wako akina mama waliozikwa katika wilaya yetu wakiwa na majeraha ya mapanga, na waliowaua tunasalimiana nao mnadani.

Klara aliazimia kumtorosha Mbuke aende Tinde kwa kaka wa mzee huyo. Akavuta sanduku la bati lililokuwa mvunguni, apate mahali pa kuwekea nguo za mzee. Chini ya makoti yaliyochakaa akakuta vitabu. Vilikuwa riwaya za upelelezi, zimechapwa kwenye karatasi duni, majalada yameliwa na mchwa. Maige alizinunua ujanani huko Nyarugusu alikokuwa akichimba dhahabu, dukani kwa Bashiri, mtu mwenye asili ya pwani aliyewauzia wachimbaji vitabu pamoja na sigara. Mvua ilipojaza maji kwenye maduara, yaani mashimo yao ya dhahabu, wachimbaji walijikunyata vibandani wakasomeana habari za wizi na mauaji.

Wapo wasomi wanaoziita riwaya hizo takataka. Mimi nililelewa na kengele ya shule ya bweni, ambako saa ya kusoma haikufanyiwa mchezo, nami nasema kwamba wanaozidharau hawakuzisoma hadi mwisho.

Klara akaukumbuka mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Maige alimsomea riwaya hizo kwa sauti, na kabla ya sura ya mwisho alikifunga kitabu ili kila mmoja amtaje mkosaji. Baadaye mifugo iliongezeka, na vitabu vikasahaulika. Klara hakuendelea kufunga nguo. Alichukua kitabu kimoja akamfuata mumewe zizini.

"Baba Kalisti, unakikumbuka hiki?"

Maige alitabasamu bila kupenda. Akasema anakikumbuka, mwizi alikuwa yule karani mtanashati.

"Na wewe ulimtaja nani?"

"Yule mlinzi mwenye kovu."

"Kila kitabu ulimkamata mwenye sura mbaya, na kila kitabu ulikosea. Jumamosi unataka kukosea tena, na safari hii hakuna ukurasa wa kufunua."

Maige alimkaripia, akasema hayo ni mambo ya vitabuni. Klara hakubishana naye. Alimkumbusha tu kwamba mpelelezi haanzi kwa kuuliza nani anachukiwa, bali huuliza kilichotokea. Je, ndama waliokufa walikuwa na nini ambacho wazima hawakuwa nacho?

Maige alifikiri. Waliokufa wote walikuwa wa zizi dogo. Wa zizi kubwa hawakuwa na tatizo lolote, nao pia walitunzwa na Mbuke yuleyule. Wa zizi kubwa walilamba chumvi kwenye kihori cha mti. Wa zizi dogo waliwekewa chumvi kwenye debe.

"Debe gani?" Klara akauliza.

Maige akageuka kulitazama. Lilikuwa debe la dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Yeye mwenyewe alikuwa amelikata nusu, akalisuuza, akalitia chumvi, kama wafanyavyo wengi wetu tusiopenda kutupa chombo. Gregory, bwana shamba, alipoitwa, aliuliza ndama walikufaje, akalinusa debe, akaamuru lifukiwe siku hiyohiyo.

Jumamosi ukoo ulikusanyika. Masele alianza kueleza kwamba mfumu yule hajawahi kukosea. Maige akasimama.

"Mfumu hakuliona debe. Mimi nililikata. Aliyewaua ndama ni mimi."

Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya Mbuke.

"Nimekusamehe, mwanangu," Mbuke alisema. "Lakini siwezi kulala kwenye kaya ambamo macho yangu ni ushahidi."

Akahamia Tinde, Klara akimbebea mzigo. Maige humtembelea kila baada ya mavuno. Hupokewa kwa heshima, hupewa chakula, na hurudi peke yake.

MAFUNZO

Anayemtuhumu mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na uchunguzi wake uanze na mikono yake mwenyewe. Wekeni mbali na vinywa vya watu na vya mifugo kila chombo kilichowahi kutiwa dawa ya pamba. Vitoeni vitabu mvunguni mvisome, hata vile mlivyoambiwa ni vya kupotezea muda, kwa maana vinamzoesha mtu kusubiri ushahidi kabla ya kutamka jina. Na siku utakayomwaga damu ya mama asiye na hatia, mpiga ramli hatasimama badala yako, wala mbele ya hakimu wala mbele ya Mungu.