Mnara Upi?

Kila asubuhi Bi Kidawa alimwogesha mjukuu wake Mwanaidi na kumpa uji. Kisha alitoka na simu kutafuta mahali inaposhika. Nyumba yake iko bondeni, huku Mchinga. Sauti ilifika kwa taabu. Picha haikufika kabisa.

Na juma lile alitaka picha. Binti yake Naima, mama wa Mwanaidi, alikuwa amelazwa Dar es Salaam. Jicho lake moja lilishakufa. La pili lilikuwa na uvimbe. Madaktari walisema litolewe, ama sivyo ugonjwa utamuua. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na mabasi yamelala. Kidawa angefikaje?

"Mama," Naima alimwambia, "kabla hawajaniingiza kwenye upasuaji, nataka nimwone mwanangu. Mara moja tu."

"Utamwona, mwanangu. Inshallah, utamwona."

Bahati nzuri, wanakijiji walikuwa wameanzisha mtandao wao wenyewe. Walisimamisha chuma kirefu cha kurushia mtandao kilimani, nyuma ya shule. Watu walikiita mlingoti. Kila mwanachama, Kidawa akiwemo, alipewa kisanduku cha kunasia mtandao, cha kufunga nje ya nyumba, waya, na ruta ya kuweka ndani. Fundi wao alikuwa Angela, jirani wa Kidawa. Kazi hiyo alijifunza Lindi mjini.

Lakini Kidawa na Angela walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mbuzi wa Angela walimaliza mihogo ya Kidawa, na tangu hapo hata salamu ilikufa. Kwenye mkutano wa mtandao Kidawa alikaa nyuma kabisa, kanuna. Alimsikia Angela akisema, "Kisanduku kitazame mnara." Hakuuliza kitu.

Jioni kabla ya upasuaji, shemeji yake Fakihi alipanda ngazi na kisanduku mkononi.

"Kitazame wapi, shemeji?"

"Si mnara! Kwani hapa tuna minara mingapi? Kielekeze msikitini."

Fakihi alikielekeza pwani, kwenye mnara wa msikiti. "Tena kina baraka," alisema, akakaza skrubu.

Taa moja ya ruta iligoma kuwaka.

"Tumwite Angela," Fakihi alisema.

"Nikamwangukie yule? Abadani! Itawaka yenyewe."

Haikuwaka. Asubuhi Bashiru, mume wa Naima, alipiga simu ya picha kutoka hospitali. Kidawa alimpakata Mwanaidi mbele ya simu. Sauti ilikatika, ikarudi.

"Mama, naona giza tu," Naima alisema. "Ni simu, au ni jicho langu?"

"Ni simu, mwanangu! Ngoja! Usiende!"

Kidawa alitoka mbio, peku, hadi kwa Angela. "Naima anaingizwa kwenye upasuaji. Nisaidie, nakuomba."

Angela hakuuliza la mbuzi wala la mihogo. Alichukua spana akaja. Alipofika alitazama juu, akashangaa.

"Mbona kinatazama msikiti?"

"Wewe ulisema mnara."

Angela alivuta ngazi. "Lindi wanauita mnara. Nikaja na neno lao, nikasahau kwamba hapa tunasema mlingoti. Nisamehe, Bi Kidawa."

"Na mimi sikuuliza. Fanya haraka!"

Angela alipanda. "Kisanduku hiki hakipokei kila upande," alisema huku akikigeuza. "Lazima kitazamane na mlingoti, uso kwa uso. Ukiwa hapa, uuone kwa macho yako. Hata makuti yakikatiza katikati, mtandao unafifia."

Ndani aliikuta ruta kabatini, nyuma ya masufuria. "Itoe. Iweke juu, mahali peupe. Na waya wa nje uingie tundu hili la buluu, si jingine."

Taa zote ziliwaka. Kidawa akapiga. Picha ilikuja safi. Alimwona Bashiru, na nyuma yake kitanda kitupu.

"Wameshamchukua, mama," Bashiru alisema.

Kidawa alikaa sakafuni, akalia kwa sauti. Alimchukia Angela na neno lake la mjini. Alijichukia mwenyewe zaidi. "Ulimi ninao!" alisema. "Ningeuliza, mnara upi? Ningekufa?" Angela alikaa naye chini mpaka adhuhuri.

Naima alipona. Ugonjwa umekwisha, macho hana. Siku hizi Angela hafungi kisanduku mpaka mwenye nyumba aunyooshee mlingoti kidole. Kidawa humshikia ngazi. Akiona mtu anaitikia tu, humfokea: "Usiitikie! Uliza! Uliza hata kama humpendi!" Watu husema Bi Kidawa amekuwa mkali. Ni kweli, amekuwa. Lakini nyumba zote za bondeni sasa zina mtandao, na hakuna aliyekosea tena.

Naima bado yuko Dar es Salaam, anafundishwa kutembea kwa fimbo. Kila jioni hupiga simu ya picha, maana Mwanaidi anapenda kumwona mama yake.

"Leo amevaa nini?" Naima aliuliza juzi.

"Gauni la njano. Anakula muhindi wa kuchoma."

"Mama, msogezee simu mdomoni. Nataka kusikia anavyotafuna."

Kidawa akaisogeza. Picha haikukatika hata kidogo.