Tangi la Pikipiki ya Nesi Getruda

Kila Jumamosi asubuhi, Kokuberwa aliosha vyombo, akamwagilia mchicha aliouotesha ndani ya matairi mabovu nyuma ya nyumba, kisha akashuka kilima na chupa ya chai kwenda Mkuyuni, kwenye karakana ya mama yake. Karakana hiyo ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea jiwe kubwa. Mama yake, Bernadetta, alikuwa mwanamke pekee aliyetengeneza pikipiki mtaani pale.

Koku, kama wengi walivyomwita, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la saba. Kazi yake karakanani ilikuwa kupanga spana, kufuta vyuma kwa kitambaa, na kutazama. Kutazama ndiko alikokupenda kuliko yote. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona mama yake akifungua na kufunga, hata akajua sauti ya nati iliyokazwa vizuri.

Lakini Jumamosi ile mama hakuwa na mkono wa kufanyia kazi. Siku tatu kabla, mvua ikinyesha, aliteleza kwenye mawe ya njiani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Sasa mkono ule ulikuwa ndani ya plasta ngumu, umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Leo tunajaza upepo na kukaza minyororo tu," alimwambia Koku. "Kazi kubwa zitasubiri."

Hawajamaliza hata chai, akatokea Nesi Getruda akisukuma pikipiki, jasho likimtiririka. Nyuma ya siti lilikuwa limefungwa sanduku la chanjo.

"Shikamoo, nesi," Koku alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Mama Koku, nisaidie! Inawaka, inakohoa, inazima. Akina mama wananisubiri Igombe na watoto wao, na barafu iliyomo humu haitavuka saa nane mchana."

"Jana ililala wapi?"

"Nje. Kwenye mvua ile yote."

Bernadetta alifungua mfuniko wa tangi kwa mkono wa kushoto, akautazama. Mpira wake ulikuwa umekatika. "Maji yameingia kwenye petroli," alisema. "Tangi lazima lishuke lisafishwe." Kisha akautazama mkono wake uliofungwa.

Fundi Machibya wa kibanda cha jirani alikuwa amesikia yote. Alikuja akizungusha spana kidoleni. "Niachieni mimi, Mama Koku. Dakika tano. Nachomoa mpira wa mafuta, yanamwagika, nanyanyua. Petroli kidogo chini ni kitu gani? Jua litakausha."

Koku aligeuka akatazama hatua kumi kutoka pale. Mama Rebeka alikuwa anakaanga sato, makaa ya jiko lake yakiwa mekundu, na wateja wanne wameketi kwenye benchi.

Nesi Getruda alitazama saa. "Mama Koku, dakika tano ni ndogo kweli..."

"Ni ndogo," Bernadetta alijibu. "Na moto wa petroli hauhitaji hata moja. Samahani, Machibya. Hapa karibu na makaa hafungui mtu tangi." Akamgeukia bintiye. "Koku, umeniona nikifanya mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Leo mikono yako, macho yangu. Unaweza?"

Machibya alicheka. Nesi aliguna kwa wasiwasi. Lakini Koku alifikiria wale akina mama wa Igombe, kisha akajibu, "Naweza, ukinisimamia."

Jambo la kwanza lilikuwa kuihamisha pikipiki. Waliisukuma hadi kwenye uwazi upande wa pili wa jiwe, mbali kabisa na jiko, mahali penye hewa. Koku alileta ndoo ya mchanga mkavu na dumu la chuma lenye mfuniko. Alitandaza boksi lililokunjuliwa chini ya injini ili tone lolote lionekane. Wakasubiri injini ipoe. Kusubiri kulikuwa kugumu, maana Nesi Getruda alikuwa anatembea huku na huko. Simu yake ikaita.

"Nesi, tafadhali," Koku alisema kwa adabu, "naomba ukapokelee kule barabarani, mbali na petroli."

Machibya, aliyekuja kutazama, aliinua nyusi.

Injini ilipopoa, Koku alivaa glavu. Aling'oa siti, akafungua waya wa hasi wa betri, akafunga koki iliyo chini ya tangi. Alibana klipu ya mpira wa mafuta kwa koleo, akauchomoa mpira taratibu kutoka kwenye kabureta huku ameushikia kitambaa. Matone mawili yaliyobaki ndani yake yaliishia kwenye kitambaa. Akauingiza mpira kwenye dumu, akafungua koki. Petroli ikaanza kushuka, nyembamba kama uzi.

"Inachelewa," Machibya alisema.

"Iache ichelewe," mama akajibu. "Ukinyanyua tangi zito, linakuyumbisha. Na hata likiisha mafuta, Koku, usilidharau. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke unawaka kuliko mafuta yenyewe."

Uzi ukakatika. Koku alifunga koki, akafunga dumu, akafungua bolti ya nyuma ya tangi. Sasa wapita njia walikuwa wamekusanyika. Kijana mmoja wa bodaboda alipaza sauti, "Nyanyua, fundi mdogo!" Watu wakacheka na kupiga makofi. Koku aliona fahari ikimpanda kichwani. Akashika tangi kwa mikono yote miwili, mama akashika upande wa mbele kwa mkono wake mzima.

Hapo akasita. Siti, betri, koki, mpira, bolti. Kulikuwa na kitu kingine. Waya wa geji! Ule unaoonyesha mafuta yamebaki kiasi gani. Aliuchomoa? Alijaribu kukumbuka, hakukumbuka. Watu wote walikuwa wanamtazama. Kukiri sasa kungekuwa aibu. Na huenda alikuwa ameuchomoa tayari.

"Vipi, umechoka?" Machibya aliuliza akitabasamu.

Koku aliliachia tangi likae mahali pake. "Mama, sikumbuki kama nimechomoa waya wa geji."

Mtu mmoja akaguna, "Aah, mtoto huyu!"

Bernadetta hakumtazama mtu mwingine. "Angalia," alisema tu.

Koku alipiga magoti, akachungulia chini ya tangi. Waya ulikuwepo, umeshikilia imara. Kama wangenyanyua, ungelivuta tangi upande, likawaponyoka, na cheche moja ya chuma kwa chuma ingetosha kuuwasha mvuke ule. Koku aliibonyeza plagi yake na kuitenganisha.

"Sasa tayari," alisema.

Waliinua upande wa nyuma kwanza, wakalivuta tangi nyuma taratibu, likatoka kwenye mipira inayolishikilia mbele. Walilibeba likiwa limelala sawasawa, mfuniko juu, wakaliweka juu ya tairi kuukuu. Koku akarudi kulikagua boksi chini ya injini. Lilikuwa kavu.

"Hata tone!" Mama Rebeka alipiga kigelegele akiwa na kijiko cha kukaangia mkononi. Makofi ya safari hii hayakuwa ya utani.

Bernadetta alimimina mafuta kidogo ya dumu kwenye chupa ya kioo, akamwonyesha nesi: petroli juu, maji chini, kama chai iliyokataa kuchanganyika na samli. Koku alilisuuza tangi kwa petroli safi na kuimwaga kwenye dumu lilelile. Machibya, bila kuombwa, akachuchumaa akasafisha kabureta na kubadilisha mpira wa mfuniko. Mafuta machafu yalibaki ndani ya dumu, hayakumwagwa mtaroni, maana mitaro ya Mkuyuni inaishia ziwani, na ziwa ndilo linalowanywesha watu wa mtaa.

Tangi likarudishwa, mafuta mapya yakatiwa. Nesi Getruda alipiga kiki moja. Pikipiki ikanguruma bila kukohoa. Ilikuwa saa tano na robo.

"Koku, Mungu akuzidishie!" alipaza sauti, akaondoka.

Alasiri simu ya Bernadetta ililia. Nesi alikuwa anapiga kelele za furaha: watoto arobaini na mmoja wamechanjwa kabla barafu haijaisha! Koku aliruka juu mpaka spana zikaanguka.

Machibya alikuja akikuna kichwa. "Kesho kutwa nina tangi la kushusha. Mama Koku, utaniazima boksi lako?"

"Na ndoo ya mchanga pia," Bernadetta alicheka.

Walipokuwa wanafunga kibanda, Koku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, uliona nilisahau waya. Mbona hukunikasirikia?"

Mama alimshika bega. "Mwanangu, mimi pia nilikuwa nimeusahau. Fundi ni binadamu, husahau. Hatari ni kujua kwamba umesahau, ukanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Leo watu walikucheka kidogo, nawe ukasema kweli. Ndiyo maana sote tunarudi nyumbani wazima. Ila tangi la mafuta usiliguse kamwe bila mtu mzima pembeni yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, fundi. Funga mlango."

Koku alinyoosha mabega, akaufunga.