Mlio wa Kompyuta ya Dado

Yaliyompata rafiki yangu Ligaya, kule mjini Iloilo, ni haya. Kaka yake Nestor alianguka na kufa akiziba paa pamoja na Dado, mume wa Ligaya. Siku tisa za kumwombea hazijaisha, Dado akaunda kompyuta kwa vipuri vya marehemu. Feni zilivuma, skrini ikabaki nyeusi tii. Kila akichomoa kadi ya picha na kuirudisha, kompyuta ililia pii moja.

"Kaka hataki," Ligaya alinong'ona.

Dado akacheka. "Muulize basi, mama! Mlio mmoja ndiyo, miwili hapana." Akachomoa waya wa umeme, akamtupia miguuni. Feni zikanyamaza.

Ligaya akauliza huku analia, "Kaka, uliteleza?"

Kompyuta ikalia pii. Kisha, taratibu, ikalia tena.